Neno la Kumlaza Samsoni

Ndandalo, Kyela
6 Oktoba 1996

Dada yangu mpenzi Anyes,

Ugonile, dada! Natumaini barua hii itakukuta salama huko Mbamba Bay, wewe na shemeji Isaya na watoto wote. Sisi huku hatujambo, tena hatujambo kupita kiasi. Joto la Kyela unalijua. Mpunga bado haujapandwa, kokoa zimeanza kuiva, na mimi kila asubuhi naamka nikijiuliza Mungu aliniona wapi hata akanipa Hezroni.

Usicheke. Najua unacheka.

Juzi amerudi kutoka Karonga. Dada, mwanamume huyu huvuka mpaka kwa ajili yangu! Wenzake huleta marobota ya mitumba na kwenda zao sokoni. Yeye aliingia kwanza chumbani kwangu amekumbatia mto wa satini nyekundu wenye umbo la moyo, na lesi pande zote. Akaniambia, "Mama Samsoni, mwanangu atalala juu ya moyo wangu." Nililia. Akaleta na blanketi zito la manyoya, na dubu wa kuchezea ambaye ni mkubwa kuliko Samsoni mwenyewe. Chumba kimejaa kidogo, maana marobota mengine yanakaa humo humo mpaka yauzwe, lakini mapenzi hayajali nafasi.

Samsoni anakua. Usingizi tu ndio unaomsumbua. Analala vipande vipande kama redio yenye betri kuukuu. Mama mkwe anasema dawa ni kumlaza kifudifudi juu ya mto, kwa sababu tumbo likibanwa gesi hutoka. Mimi ninapokwenda shambani ndiye anayebaki naye, na ndivyo anavyomlaza kila siku.

Sasa, dada, hapa nina shida ndogo. Kliniki yupo nesi mmoja, Angetile, ambaye amerudi kutoka semina. Alipoona alama ya lesi kwenye shavu la mtoto akaniuliza analalia nini. Nikamweleza kwa fahari juu ya moyo. Hakufurahi. Alisema niondoe mto, niondoe dubu, niondoe blanketi, na mtoto asilale kifudifudi hata mchana, maana uso ukizama kwenye kitu laini hana nguvu ya kujigeuza. Akasema nimlaze ile namna nyingine. Kinyume cha kifudifudi.

Neno lenyewe siwezi kuliandika. Ndilo jina la baba mkwe.

Unajua mila ya hapa ya kumtila mkwe. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hapiti mbele yake, hamsemeshi, na jina lake halitoki kinywani mwake, wala neno lolote linalofanana nalo. Mimi naishika kwa moyo wote. Mzee akikohoa tu, mimi niko nyuma ya migomba. Hezroni anasema hata wasichana waliozaliwa hapa Ndandalo hawanifikii, na mimi nimelelewa Dodoma! Nikimwona anavyojivunia mbele ya rafiki zake, naona hata matope ya kule nyuma ya migomba yananukia.

Basi nimwambie vipi mama mkwe? Nishauri, dada, lakini kwa upole.

Mdogo wako mwenye furaha,
Hosiana


Mbamba Bay
2 Novemba 1996

Hosiana mdogo wangu,

Ndaga kwa barua. Imefika na meli ya juzi ikiwa imelowa, nadhani ni yale machozi ya satini. Sisi wazima. Shemeji yako anafundisha watoto wasiotaka kufundishwa na analipwa na serikali isiyotaka kulipa. Wangu wa tatu ameota jino, na usiku hulala akiwa ameshika sikio langu, kwa hiyo usinichukulie kuwa malaika wa usingizi.

Chali.

Nimeliandika. Chali, chali, chali! Nimelisema na kwa sauti hapa jikoni, jogoo amegeuka kuniangalia. Mzungu wa misheni alimbatiza mkweo Charles, wanakijiji wakamfanya Chali, na sasa mwanao hawezi kulala vizuri mpaka wazungu waje kumbatiza mzee upya. Mtoto alale chali, Hosiana. Nesi amesema kweli. Hata huku kwetu ndivyo wanavyotuambia siku hizi.

Na uache kujipamba na Dodoma. Mimi na wewe tulifuata uhamisho wa baba, Kinyakyusa chetu kiliishia kwenye "ugonile" na "ndaga". Huwezi kumwomba mama mkwe chumvi kwa lugha yake, lakini umeshika mwiko wake kuliko yeye. Unanikumbusha wale wanaobatizwa Jumapili na Jumatatu wanataka kuhubiri.

Zamani vijana wa Kinyakyusa walikwenda kujenga kijiji chao mbali na baba zao, kwa sababu hii hii ya wakwe kutokutana. Muulize Hezroni wako kwa nini yeye amejenga kwenye ua wa baba yake. Mimi nitakujibu: anataka mlinzi wa mitumba asiyelipwa. Matokeo yake wewe unapiga mbizi kwenye migomba.

Sasa sikia. Mtoto si keki ya harusi, usimpambe. Toa huo moyo. Toa dubu, mpe mtu mwenye adui wa kumpelekea. Mtandikie mahali pagumu na sawasawa, karibu na kitanda chako ila si katikati yenu, chandarua juu, shuka nyepesi chini, basi. Usimvishe sweta na kofia. Kyela hakuna baridi hata ukiifuata. Na ile dawa ya mbu ya kuchoma, usiiwashe alipo mtoto. Jioni muogeshe, mnyonyeshe, muimbie wimbo ule ule kila siku, halafu mweke chini macho yakiwa mazito kabla hayajafumba, ajifunze njia ya kwenda mwenyewe. Na wageni! Kila anayeingia kwenu humuinamia na kumuuliza "ugonile?", yaani umelala? Anamuuliza mpaka anaamka kumjibu.

Mama mkwe mwambie "alale kwa mgongo". Neno la heshima, halina baba wa mtu ndani yake.

Msalimie huyo mtoto wenu wa mimba ya miezi saba aliyezaliwa na kilo za miezi tisa.

Dada yako,
Anyes


Ndandalo, Kyela
24 Novemba 1996

Dada Anyes,

Salamu nyingi. Samsoni aliwahi, na madaktari walisema hivyo, na mada hiyo imefungwa.

Hapa tuna furaha. Hezroni amenunua baiskeli mpya na amenipandisha nyuma mpaka sokoni mbele ya watu wote. Nilikuwa nimemshika kiunoni. Dada, mgongo wake!

Nilifuata ushauri wako. Nilimkuta mama mkwe anapepeta mchele, nikapiga goti, nikasema, "Mama, nesi anaomba mtoto alale kwa mgongo." Alifurahi sana. Akasema, "Nesi ana akili huyo, sisi tumelala migongoni wote." Akamchukua Samsoni, akamfunga mgongoni kwa kanga, na akazunguka naye mpaka jua likazama. Mtoto alilala, kweli. Lakini kichwa kilikuwa kinaning'inia kama ndizi iliyoiva. Siku ya pili kiuno kilimuuma, akamrudisha kifudifudi.

Nikajaribu tena. Nikasema, "Mama, alale anatazama juu." Niliporudi kutoka shambani nilimkuta Samsoni ameketishwa, amezungukwa na mito kila upande, kidevu kimekunjamana kifuani, dubu amemkumbatia kwa nyuma. "Anatazama juu," akaniambia, "ila amechoka." Nikasema, "Tumbo liwe juu, mama." Akamfunua tumbo, akampaka mafuta, akamgeuza kifudifudi. Alisema tumbo limeshaona hewa ya kutosha.

Haniandami, dada, usifikiri hivyo. Anampenda kuliko anavyompenda Hezroni. Ni kwamba kila neno ninalompa linageuka njiani.

Nikamwendea Hezroni. Yeye ni mwanawe, anaweza kulisema mbele ya mama yake. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Mke wangu, hilo ni jina la baba, na tena ndivyo inavyosemwa biashara ikifa. Mtoto wa mfanyabiashara alazwe hivyo, wateja watasema nini?" Ona kichwa hicho! Mtu mwingine asingewaza mbali namna hiyo. Kisha akasema hayo ni mambo ya wanawake, tumalizane wenyewe, akapanda baiskeli akaenda mpakani. Ananiamini sana.

Usiku Samsoni nalala naye mimi, na namlaza vile inavyotakiwa. Ni mchana tu. Kifua chake sitakuandikia habari zake, kitapona. Dawa ya mbu Hezroni ameileta katoni nzima, iko hapo hapo chini ya kitanda, na huwezi kumkatalia mtu zawadi yake.

Nakupenda, usininunie.

Hosiana


Mbamba Bay
15 Desemba 1996

Hosiana,

Noeli njema kwenu. Sisi tuna afya, na mbuzi wetu hana, kwa hiyo tutamla.

Nimemsomea Isaya barua yako. Nilipofika pale pa tumbo kupakwa mafuta akatoka nje kwenda kucheka na mahindi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekasirika na anaogopa kucheka karibu nami.

Mumeo ana ulimi, hausemi. Mama mkwe ana masikio, yanasikia lingine. Mkwe mzee ana jina tu, na hajui kwamba limekuwa ukuta. Wewe una vyote viwili, ulimi na akili ya kidato cha nne, na umevikunja umevikalia kama kitenge cha sikukuu. Unasema ni mchana tu. Pumzi haina mchana wala usiku, mdogo wangu.

Mimi sikuchukii kwa kumheshimu mzee. Heshima ni nzuri. Lakini heshima ni ya kwako, unaweza kuipunguza na kuirudisha. Pumzi ni ya mtoto.

Na habari ya "kifua chake sitakuandikia": umeshaniandikia. Toa katoni hiyo chini ya kitanda, hata kama imefungwa kwa utepe wa mapenzi.

Andika upesi.

Anyes


Mbamba Bay
19 Januari 1997

Hosiana,

Meli imekuja, haina barua. Imekuja nyingine, haina barua. Nimemuuliza karani wa bandari mpaka anadhani namtongoza.

Kama umenuna, nuna kwa maandishi. Matusi yako napenda kuyapokea, mwandiko wako ni mzuri. Kama ni mapenzi yamekujaa mpaka kalamu haipati nafasi, sawa, nitumie ua lililokaushwa, nijue tu mko wangapi humo ndani.

Niambie mko wangapi, Hosiana.

Dada yako


Ndandalo, Kyela
2 Februari 1997

Dada Anyes,

Tuko watatu. Samsoni mzima. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata.

Ugonile, dada. Nisamehe kimya. Nilikuwa najua nikishika kalamu nitaandika, na nikiandika litakuwa limetokea kweli.

Ilikuwa wakati wa kupasua kokoa, kabla ya Krismasi. Nilikuwa natoka shambani na beseni kichwani, mchana, jua liko pale pale. Njia ya shamba inatokea mbele ya baraza ya baba mkwe. Siku zote nikifika mwisho wa migomba nasimama, nachungulia, akiwa pale nazunguka kwa nyuma kwenye matope. Siku hiyo alikuwapo, ameketi na wazee wa kanisa, wamekuja kupanga sikukuu. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, chini ya dirisha la chumba chetu, anachoma ndizi kwenye mkaa.

Nilikuwa nimeshageuka kuelekea matopeni nikasikia Samsoni. Kilio chake hakikuwa kilio. Kilikuwa kama cha mtu aliye ndani ya gunia. Dirisha liko wazi, niliona robota, niliona mgongo wa yule dubu umelala, na nikaona mguu mmoja wa mtoto unapiga. Halafu ukaacha.

Nikaita, "Mama! Mgeuze!"

Mama mkwe akajibu bila kunitazama, "Nimeshazigeuza, mkwe. Upande huu zimeiva."

"Mtoto, mama! Atazame juu!"

Akainua uso, akaangalia mbinguni, akakinga mkono. "Mvua? Mbona sioni wingu?"

Dada, nilikuwa na maneno yote ya Kiswahili nyuma ya meno yangu na hakuna lililofaa isipokuwa moja. Nikatupa beseni. Nikapiga kelele ambayo nadhani hata Matema waliisikia:

"Chali! Mlaze chali! Chaliii!"

Na baba mkwe akasimama barazani, akaitika kwa sauti ya mtu aliyeitwa mahakamani: "Naam!"

Sikusimama kumjibu. Nilipita hapo hapo mbele yake, katikati yake na wazee wa kanisa, kichwa wazi, kanga imeanguka njiani, nikamruka mmoja wao miguu. Nilipoingia, Samsoni uso wote ulikuwa ndani ya ule moyo wa satini na dubu amemwangukia juu. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Nikamgeuza, nikampuliza usoni, nikampigapiga nyayo, nikamwita jina. Alikohoa. Kisha akalia, na mama mkwe akaingia nyuma yangu na koleo la mkaa mkononi, akasikia kile kilio, akakaa chini sakafuni.

Hezroni alikuwa Karonga.

Kwa wazee mimi ni mkwe aliyemwita baba mkwe jina mara tatu mbele ya wageni, akampita kichwa wazi kama anapita mbele ya mti. Wengine wanasema ndivyo walivyo waliolelewa Dodoma. Mama mkwe hanisemeshi, ila mtoto hajamshika tena. Akimtazama hujifuta mikono kwenye kanga, mikono isiyo na kitu. Baba mkwe sijui, kwa kuwa hatuzungumzi, na hatukuwa tukizungumza.

Kikao kimepangwa, mzee Andongwisye, mdogo wake baba mkwe, ndiye atakayekiongoza. Ninatakiwa nilete kuku, niombe radhi, na niahidi kwamba neno lile halitatoka tena kinywani mwangu maisha yangu yote. Nisipoahidi, mtoto anabaki hapa na mimi nirudi kwetu nikafundishwe adabu.

Hezroni amerudi, ameondoka tena. Alisema nikubali tu, yaishe, ahadi ni maneno. Alisema hivyo akiwa ananishika shavu. Zamani ningekuandikia kurasa mbili juu ya mkono ule.

Niambie la kufanya. Usiwe mpole.

Hosiana


Mbamba Bay
16 Februari 1997

Hosiana wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama bandarini, nikaenda kukaa juu ya magunia ya dagaa ya mtu, na mwenye dagaa hakunifukuza, nadhani kwa namna nilivyokuwa.

Kuku mpeleke. Chagua mnono. Ulimpita mzee kichwa wazi, na yeye hakukukosea kitu. Heshima ina haki yake, ilipe.

Goti piga. Radhi omba.

Ahadi usitoe.

Nauli nimeshaipata. Wakikurudisha kwetu nitakuja na meli, na mimi sijaolewa hapo, naweza kulisema jina la mkweo kuanzia bandari ya Itungi mpaka mlangoni kwake bila kupumzika.

Anyes


Ndandalo, Kyela
9 Machi 1997

Dada yangu Anyes,

Ugonile! Mvua zimeanza, njia ya kwenda Ipinda imekuwa mto, mpunga umesimama vizuri. Samsoni ana meno mawili na anayatumia kwangu. Analala kwenye kitanda kidogo cha mianzi ubavuni mwa kitanda changu, ndani ya chandarua, hana mto, hana kofia. Marobota nimeyatoa nje mwenyewe, moja moja, nayaviringisha kama magogo. Usiku anaamka mara moja, ananyonya, anaguna kama mzee, anarudi.

Hezroni alirejea kwa ajili ya kikao. Mume wangu aliniletea zawadi ya kunifariji. Dubu mwingine, wa kike, mwenye utepe, ili yule wa kwanza asikae mpweke. Dada, nampenda. Ni mtu mwema asiyejua anachokitazama. Nimewafunga dubu wote wawili juu ya mkokoa, na tangu hapo kima hawajagusa kokoa zetu. Alipowaona akasema ni wazo la kibiashara.

Sasa kikao.

Kilifanyika sebuleni kwa mama mkwe. Mkeka uliangikwa katikati, upande wa kule baba mkwe na wanaume, upande wa huku mimi na mama mkwe na kuku. Kuku alikuwa mnono na alisema sana kuliko sisi sote. Mzee Andongwisye akaeleza kosa. Akaeleza kwa utaratibu kweli, na bila kulitaja neno, akawa anasema "lile lililosemwa". Nikapiga goti. Nikaomba radhi kwa kupita mbele ya mzee, kwa kichwa wazi, kwa kumruka miguu mzee wa kanisa. Nilimaanisha kila moja. Kuku akapokelewa.

Hezroni akaingilia kusaidia. "Mke wangu ana mapenzi mengi," akasema, "siku ile aliteleza ulimi."

"Sikuteleza," nikasema.

Dada, hata kuku alinyamaza.

Mzee Andongwisye akauliza, "Unasema?"

"Nasema sikuteleza, baba. Nilijaribu maneno mengine yote, na mama ni shahidi. Kuomba radhi nimeomba. Lakini nikimwona tena mtoto amezamisha uso, nitalisema tena. Msinidai ahadi ambayo nitaivunja."

Nilisikia Hezroni anavuta pumzi upande wa pili wa mkeka. Nilisikia viti. Mtu mmoja akasema, "Huyo arudi kwao, mtoto abaki." Nilikuwa nimemshika Samsoni, na mikono yangu ilijifunga yenyewe.

Ndipo mama mkwe aliposema. Alikuwa hajasema neno tangu siku ile. Alisema kwa Kinyakyusa kwanza, kisha akaona mimi sifuati, akarudia kwa Kiswahili, ananitazama mimi na si mkeka.

"Nilikuwa nageuza ndizi. Mtoto akanyamaza nyuma yangu, nami nikafurahi. Nikasema moyoni, afadhali, amelala."

Akajifuta mikono kwenye kanga.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu kule ng'ambo ya mkeka mzee akakohoa, kile kikohozi ambacho mwaka mzima kilikuwa kikinituma matopeni. Miguu yangu ilitaka kuinuka. Sikuinuka. Kwa mila yeye naye hawezi kunisemesha, basi alimwambia mdogo wake, ingawa sote tulikuwa tunasikia kama ibada:

"Andongwisye, mwambie mkwe wangu jina hili nilipewa na mtu aliyekuwa anapita tu. Watu wameniitia kodi, wameniitia misiba, wameniitia pombe. Hakuna aliyewahi kuniita mtu akapona."

Mzee Andongwisye akaanza kugeuka anifikishie ujumbe. Kaka yake akamshika mkono, nilikiona kivuli chake kwenye mkeka.

"Sijamaliza. Mwambie asiniite ovyo. Lakini akiniita kwa ajili ya mtoto, nitaitika."

Mdogo wako,
Hosiana